Kabla ya kusoma kifua cha kichanga, soma kwanza tumbo lake

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kazi yangu ni kusoma picha za watoto, na uzi huu nauandika kwa sababu ya kosa moja ambalo nimelishuhudia likinusurika kutokea zaidi ya mara moja.

Usiku mmoja niliitwa kwenye wodi ya vichanga. Mtoto alikuwa na umri wa saa tatu hivi, amezaliwa kwa miezi yake kamili, anapumua kwa shida na mbavu zinabonyea kila anapovuta hewa. Picha ya eksrei ilikuwa tayari kwenye skrini: upande wa kushoto wa kifua kulikuwa na weusi mkubwa wa mviringo, moyo umesukumwa hadi kulia, na pafu la kushoto halionekani. Daktari wa zamu, kijana makini na mwenye bidii, alikuwa amekwisha kusafisha ngozi ya mtoto tayari kwa kuchoma sindano ya kutoa hewa iliyovuja kifuani, yaani numothoraksi. Picha ile ilikuwa imekatwa pale mbavu za chini zinapoishia. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba tulione tumbo. Muuguzi akapitisha mrija kwa njia ya mdomo, tukapiga picha nyingine kuanzia shingoni hadi nyongani. Tumbo lilikuwa jeupe, halina hata kiputo cha gesi, na ncha ya mrija ilikuwa imejikunja juu, katikati ya ule weusi. Ule haukuwa weusi wa hewa iliyovuja. Ulikuwa mfuko wa chakula wa mtoto, uliopanda kifuani kupitia tundu la dayaframu, na sindano ingeutoboa.

Dayaframu ni kiwambo cha misuli kinachotenga kifua na tumbo. Hujengwa kwa vipande vinavyokutana mimba ikiwa bado changa, na mlango wa nyuma pembeni ndio unaochelewa kuziba, kwa kawaida karibu na wiki ya 8. Usipoziba, matumbo yanaporejea ndani ya mwili wa mtoto karibu na wiki ya 10 huukuta wazi na kupanda kifuani. Tundu hilo la nyuma linaitwa kwa jina la Bochdalek, mwanaanatomia wa Prague aliyelieleza mwaka 1848. La mbele, ambalo ni nadra zaidi, linaitwa kwa jina la Morgagni, mwanaanatomia wa Italia. Ngiri hii ya kuzaliwa nayo humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,500 hadi 4,000, na katika visa zaidi ya 8 kati ya 10 huwa upande wa kushoto. Pafu linalobanwa kwa miezi yote hiyo hukua likiwa dogo, matawi yake ya hewa huwa machache, na mishipa yake ya damu huwa na kuta nene zinazozuia damu kupita. Hilo ndilo linalotishia maisha ya mtoto kuliko tundu lenyewe, kwa kuwa tundu linaweza kushonwa baadaye, mtoto akishatulia.

Jambo linalowapotosha wengi ni saa. Mtoto anapozaliwa matumbo yake hayana hewa. Humeza hewa anapolia, nayo hufika kwenye mfuko wa chakula ndani ya dakika chache na kusambaa kwenye utumbo kwa saa kadhaa. Kwa hiyo picha iliyopigwa dakika kumi baada ya kuzaliwa inaweza kuonyesha nusu ya kifua ikiwa nyeupe tupu, mtu akadhani ni maji au nimonia. Mtoto huyohuyo, baada ya saa nne, huonyesha viputo vingi vyenye kuta nyembamba mfano wa povu la sabuni. Msomaji asiyeangalia saa ya picha ataandika majibu mawili tofauti kwa ugonjwa mmoja.

Upande wa kulia hutega zaidi. Huko ini hupanda na kuziba sehemu ya tundu, na kwa kuwa ini halina hewa, kinachoonekana ni weupe unaofanana na dayaframu iliyoinuka kidogo au nimonia ya chini ya pafu. Wapo hata watoto wenye ngiri ya kulia ambao picha yao ya kwanza ilikuwa ya kawaida, wakapata nimonia ya bakteria aina ya streptokoka wa kundi B, na ngiri ikajitokeza siku kadhaa baadaye. Weupe wa kulia usiopungua wakati mtoto anamaliza dawa unastahili ultrasaundi siku hiyohiyo.

#2 Mchangiaji, muuguzi wa wodi ya vichanga

Daktari, nashukuru kwa maelezo haya. Sisi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye tumbo lililobonyea kama mtumbwi na mapigo ya moyo yanayosikika kulia asipuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa. Wapo wenzetu wanaoona ni ukatili kumwacha bila kupuliziwa. Naomba uwaeleze sababu kwa kuwaonyesha picha ilivyo. Pia naomba kuuliza: kwa nini watoto hawa hawagunduliwi kabla ya kuzaliwa?

#3 Mwanzisha uzi

Dada, mlifundishwa sawasawa, na haina maana kwamba mtoto aachwe bila msaada. Barakoa hupeleka hewa njia mbili, kwenye mapafu na kwenye umio, na kila pumzi inayoshuka kwenye umio huutunisha mfuko wa chakula ulioko kifuani. Nimewahi kuona picha mbili za mtoto mmoja zilizopishana kwa dakika ishirini: katika ya kwanza moyo umesogea hadi mpaka wa uti wa mgongo, katika ya pili umebanwa kwenye mbavu za kulia na hata pafu lenye afya la upande huo limesinyaa. Kilichofanyika kati ya picha hizo ni kupuliziwa kwa barakoa. Mtoto huyu anahitaji mrija wa kupumulia uingizwe moja kwa moja kwenye koo la hewa, presha ya mashine iwe ya upole, na mrija mwingine mkubwa wa kutosha uingizwe kwenye mfuko wa chakula na kufyonzwa mfululizo. Mrija huo wa pili ni tiba, tena ni chombo cha uchunguzi, maana huonekana vizuri kwenye eksrei. Ndiyo maana huomba uingizwe kabla ya picha, na si baada yake.

Kuhusu kugunduliwa mapema, wengi hugunduliwa pale penye ultrasaundi ya wiki ya 20 inayofanywa kwa utulivu. Mpimaji anapotazama vyumba vinne vya moyo, mfuko wa chakula wenye maji hautakiwi kuonekana sambamba na moyo. Ukionekana hapo, umekwisha kupanda. Tatizo ni ngiri ya kulia, kwa sababu ini na pafu la mtoto aliye tumboni hufanana sana kwa rangi kwenye ultrasaundi, na mtu hulazimika kufuata mishipa ya damu ya ini au kifuko cha nyongo ili kujua limefika wapi.

Ikishagunduliwa, hupimwa eneo la pafu la upande usio na ngiri na kulinganishwa na mzunguko wa kichwa, kisha jibu hulinganishwa na linalotarajiwa kwa umri huo wa mimba. Chini ya asilimia 25 ya kinachotarajiwa, hali huhesabiwa kuwa kali. Kwa watoto wa kundi hilo wenye ngiri ya kushoto, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuziba koo la hewa kwa puto dogo mimba ikiwa na wiki 27 hadi 29, na kuliondoa karibu na wiki ya 34, kuliongeza watoto waliotoka hospitalini wakiwa hai kutoka asilimia 15 hadi asilimia 40. Maji yanayotengenezwa na pafu hukosa pa kutokea na kulitanua. Gharama yake ni kwamba chupa hupasuka mapema na watoto wengi huzaliwa njiti. Kwa wale wenye hali ya wastani, utafiti pacha wake haukuthibitisha faida ya namna hiyo, kwa hiyo kipimo kile cha pafu lazima kifanywe na mkono uliozoea, kwa kuwa uamuzi mzito hutegemea milimita chache.

#4 Mchangiaji, mpiga picha wa eksrei

Niongeze machache kutoka upande wetu. Kichanga akilazwa upande hata kidogo, moyo huonekana umesogea wakati haujasogea. Mimi huangalia kama ncha za mbele za mbavu za kulia na kushoto zinalingana kwa urefu. Ngozi ya mgongoni ikijikunja huacha mstari mrefu unaofanana kabisa na ukingo wa numothoraksi, ila ukiufuata utaona unavuka nje ya mbavu. Na kwa mtoto aliyelala chali, hewa iliyovuja haipandi juu kwenye bega kama kwa mtu mzima aliyesimama. Hukusanyika mbele ya pafu na kando ya moyo, kwa hiyo tukiwa na shaka hupiga picha nyingine kwa ubavu bila kumgeuza mtoto. Je, Daktari, kuna njia ya kutofautisha weusi wa hewa iliyovuja na ule wa pande la pafu lililojaa hewa kupita kiasi? Hapo ndipo tunapoona madaktari wakibishana.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu, umegusa penyewe. Ugonjwa huo hutokea njia ya hewa ya pande moja la pafu inapokuwa dhaifu au imebanwa, hewa ikawa inaingia lakini kutoka haitoki. Pande la juu kushoto ndilo linaloathirika zaidi, likifuatiwa na la kati kulia. Hapa nako saa ni muhimu, kwa sababu siku ya kwanza pande hilo huwa bado limejaa maji ya tumboni mwa mama na huonekana jeupe. Maji yakishanyonywa ndipo weusi unapojitokeza na kuzidi.

Ongeza mwanga wa skrini na utazame ndani ya weusi. Katika numothoraksi hamna kitu ndani yake, na pafu limesinyaa kuelekea katikati, kwenye mzizi wake. Katika pande lililovimba utaona nyuzi nyembamba za mishipa ya damu, chache na zilizotawanyika, na pafu lililobaki limebanwa juu au chini ya uvimbe, wala si kwenye mzizi. Ukiwa na mashine ya ultrasaundi kando ya kitanda, weka kipimio juu ya weusi: utando wa pafu ukiteleza chini ya mbavu kila mtoto anapopumua, basi pafu limegusana na ukuta wa kifua mahali hapo, na sindano haina kazi. Kuchoma pande lililovimba ni kutoboa pafu hai, na mashine ya kusukuma hewa kwa nguvu hulivimbisha zaidi.

Nisieleweke vibaya. Mtoto ambaye mapigo ya moyo yanashuka ghafla akiwa kwenye mashine ya kupumulia, na taa iliyowekwa kifuani ikaangaza upande mmoja wote, hasubiri picha. Ninayemzungumzia ni yule ambaye tunazo dakika tano, na mara nyingi tunazo.

#6 Mchangiaji, mama wa mtoto

Samahani wataalamu, mimi si mtu wa tiba. Nikiwa na mimba ya wiki 21 niliambiwa mtoto ana vifuko kwenye pafu la kushoto, nikalia sana. Wiki ya 33 nikaambiwa havionekani tena. Amezaliwa salama, ananyonya vizuri, na eksrei yake ilisomwa kuwa ni ya kawaida. Sasa hospitali inataka arudi kwa kipimo cha CT akifikisha miezi mitatu. Kama vimetoweka, kwa nini mwanangu apigwe mionzi?

#7 Mwanzisha uzi

Mama, hongera kwa mtoto, na swali lako ni la haki kabisa.

Vifuko vya aina hii hutokana na matawi ya hewa ya pafu kukua bila mpangilio. Daktari Stocker na wenzake waliviweka katika makundi matatu mwaka 1977: vyenye vifuko vikubwa vya zaidi ya sentimita 2, ambavyo ndivyo vingi; vyenye vifuko vidogo, ambavyo mara nyingine huambatana na kasoro za figo au moyo; na vile vyenye vifuko vidogo mno kiasi kwamba huonekana kama nyama ngumu. Huongezeka ukubwa hadi karibu na wiki ya 26 au 28, kisha husimama. Baada ya hapo pafu lenye afya linalouzunguka uvimbe hukua na rangi yake kwenye ultrasaundi hufanana na ya uvimbe, na jicho hupoteza mpaka kati yao. Kwa hiyo neno “havionekani” ni la kweli, lakini halina maana sawa na “havipo”. Wakati wa mimba wataalamu huwa wanapima ujazo wa uvimbe na kuugawanya kwa mzunguko wa kichwa. Jibu likizidi 1.6 huhofia moyo kuelemewa na mwili wa mtoto kujaa maji. Wewe ulipita kipindi hicho salama.

Eksrei ya kichanga nayo huficha mambo. Uvimbe wa sentimita mbili nyuma ya moyo, ndani ya kifua chenye upana wa kiganja, hufunikwa kwa urahisi na kivuli cha moyo au cha tezi kubwa ya kifuani ambayo kila mtoto mchanga anayo. Watoto wasio na dalili hupimwa CT baada ya miezi kadhaa kwa sababu mapafu yamekua na picha ni safi zaidi, na kama upasuaji utahitajika, unapangwa kwa utulivu. Mionzi ni jambo la kuulizia. Uliza kama mashine imewekwa kwa kipimo cha uzito wa mtoto, kama atapigwa mara moja tu badala ya kabla na baada ya dawa ya mshipani, na kama anaweza kunyonyeshwa, kufungwa vizuri kwenye shuka na kupigwa akiwa amelala bila dawa ya usingizi. Mashine za sasa humaliza kifua cha mtoto kwa sekunde chache.

Dawa ya mshipani ina sababu yake. Kuna kipande cha pafu ambacho hakijaunganishwa na njia za hewa na hupata damu kwa mshipa unaotoka moja kwa moja kwenye aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Daktari Pryce alikipa jina la pafu lililotengwa mwaka 1946. Huweza kuwa ndani ya pafu la kawaida, au kando yake likiwa na utando wake lenyewe, hasa kati ya pafu la chini kushoto na dayaframu. Vifuko na kipande kilichotengwa huweza pia kuwa mahali pamoja. Bila dawa, mshipa ule hauonekani vizuri, na mpasuaji asiyejua kwamba upo anaweza kuukata bila kuufunga, ukarudi chini ya dayaframu ukiendelea kumwaga damu mahali asipopaona.

#8 Mchangiaji, daktari wa watoto

Mwalimu, nina mtoto wa siku nne aliyezaliwa kwa shida, bega lilikwama. Dayaframu ya kulia iko juu. Nina mambo matatu kichwani: ngiri, kiwambo chembamba kisicho na misuli ya kutosha, na neva iliyovutwa wakati wa kuzaliwa. Nianzie wapi?

#9 Mwanzisha uzi

Anza na ultrasaundi, Daktari, na mwone mtoto akipumua mwenyewe. Mashine ya kupumulia husukuma viwambo vyote viwili chini kwa pamoja na kuficha kasoro, kwa hiyo kama hali inaruhusu mwondoe kwenye presha kwa pumzi chache huku mwenzako akimwangalia. Weka kipimio chini ya ncha ya mfupa wa kifua, ukilaze hadi uone viwambo vyote viwili kwenye picha moja. Kiwambo chenye neva iliyokufa ganzi hupanda mtoto anapovuta hewa, wakati mwenzake unashuka. Ukiona hivyo mara moja hutausahau. Kiwambo chembamba husogea kidogo, au hubaki palepale, lakini mstari wake haukatiki kutoka mbele hadi nyuma. Katika ngiri mstari hukatika, na ini au utumbo huonekana ukipita kwenye pengo. Mchunguze pia mkono wa kulia, kwa kuwa neva za bega na ya dayaframu huchomoza shingoni zikiwa jirani. Rekodi video fupi na uitunze, maana neva huweza kupona kwa wiki kadhaa na utahitaji cha kulinganishia.

#10 Mchangiaji, mama wa mtoto

Daktari, tumepimwa wiki hii. Alinyonya, akalala, hakudungwa dawa ya usingizi. Wameandika kuwa kuna kipande kidogo chini kushoto, na mshipa mmoja unatoka kwenye aota chini ya dayaframu. Tumepewa siku ya kumwona mpasuaji.

#11 Mwanzisha uzi

Asante kwa kurudi kutuambia, Mama. Usiende na karatasi ya majibu peke yake. Omba diski yenye picha zote. Mwombe mpasuaji akuonyeshe kwa kidole pale mshipa unapoanzia na mahali unapovuka dayaframu, na umuulize damu inarudi moyoni kupitia mishipa ya pafu au mishipa ya mwili, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloonyesha kama kipande kiko ndani ya pafu au kando yake, na upasuaji wa hali hizo mbili haufanani. Kabla ya siku hiyo, akipata homa na kikohozi mpeleke mapema, na umwambie daktari atakayemwona kwamba ana kipande hicho upande wa kushoto.